Wanaolilia Bei Waonyeshe Daftari Kwanza

Bajeti za majimbo ya Marekani hazipiti bila kilio cha wenye nyumba za wazee. Hufika bungeni na makabrasha yao, wakifuatana na mawakili na mara nyingine na mzee mmoja wa kiti cha magurudumu aliyevalishwa vizuri, na hoja yao haibadiliki: serikali hailipi gharama halisi ya kumtunza mzee. Bei ya Medicaid ni ndogo, kwa hiyo mishahara ni midogo; mishahara ni midogo, kwa hiyo wahudumu hawapatikani; wahudumu hawapatikani, kwa hiyo mzee analala na nepi iliyolowa tangu saa tisa usiku. Ongezeni bei, mengine yatajipa. Wabunge wa Republican wanaikubali hoja hiyo, wa Democratic wanaikubali, magazeti yanaiandika kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, na hata vyama vya wafanyakazi, ambavyo ungetarajia viwe na mashaka, huitikia kiitikio.

Mimi siikubali. Sisemi kwamba bei ya serikali inatosha kila mahali. Kuna mahali haitoshi na nitapataja. Ninachosema ni kwamba swali la kiasi limetangulizwa ili swali jingine lisiulizwe: serikali inapolipa, inanunua nini hasa? Kwa miaka sitini imekuwa ikinunua siku ya kitanda, na siku ya kitanda haimwogeshi mtu.

Wala jambo hili si la Wamarekani peke yao. Brooklyn Park huko Minnesota, Lowell huko Massachusetts, vitongoji vya Dallas: ni mahali ambapo Kiswahili na Kikisii husikika kwenye maegesho ya nyumba za wazee zamu zinapopokezana. Mtu wetu anayefika huko, hata kama kwao alikuwa mwalimu au mhasibu, mara nyingi huanza na cheti cha wiki chache cha uuguzi msaidizi, CNA kama wote wanavyokiita, kisha anaanza kupiga dabo: zamu ya asubuhi ikiisha anaunganisha na ya jioni. Zaidi ya robo ya wanaowahudumia kwa mikono yao wazee na walemavu wa nchi hiyo ni wahamiaji. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa CNA ulikuwa kiasi cha dola 18 kwa saa. Humo humo atoe pango, gari na bima, na kinachobaki akitume nyumbani. Kwa hiyo fomula ya bei inayotungwa Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota, huamua pia kama karo ya mtoto huko Nyamira italipwa Januari au Machi.

(Najua wapo watakaosema Wazungu wamezoea kuwatupa wazazi wao. Tuiache hiyo. Sehemu kubwa ya utunzaji wa wazee Marekani hufanywa na mabinti, wake na waume, majumbani, bila senti. Anayefikishwa nyumba ya wazee ni yule ambaye ugonjwa umeshinda nguvu za familia, au hana familia.)

Anayelipa ni nani? Medicaid na Medicare zilizaliwa pamoja mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria yake. Medicare ni bima ya wazee wote, na nyumba ya uuguzi huilipia kwa muda mfupi tu, siku zisizozidi 100, baada ya mtu kutoka hospitali. Medicaid ni ya wasio na kitu. Kila jimbo hujipangia bei yake, na serikali kuu hurudisha angalau nusu ya fedha. Katika kila wakazi kumi wa nyumba hizi, sita na zaidi wanalipiwa na Medicaid, lakini usidhani wote walizaliwa maskini. Chumba cha kushirikiana watu wawili mwaka 2023 kiligharimu kwa wastani dola 104,025 kwa mwaka. Karani mstaafu huuza alichonacho, hulipa mwaka mmoja au miwili, na akiba ikishuka hadi kiasi cha dola 2,000 ndipo Medicaid inapompokea.

Hapo panafuata jambo ambalo wanaolilia bei hawalitaji kabisa. Pensheni ya mzee huyo huingia karibu yote katika malipo ya nyumba. Anaachiwa posho ya matumizi yake, na kiwango cha chini kilichowekwa na serikali kuu ni dola 30 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijapanda tangu miaka ya 1980. Majimbo mengi yameongeza kidogo, lakini hesabu ni ile ile: hiyo ndiyo fedha ya kinyozi, soksi na kadi ya kumtumia mjukuu. Kile kinachoitwa bei ya serikali, basi, kimechangiwa na mzee mwenyewe, na bado hana sauti yoyote juu ya kinachonunuliwa.

Wenye nyumba wanayo historia yao, na ni ya kweli. Mwaka 1980 Seneta David Boren wa Oklahoma alipitisha kifungu kilichotaka bei ziwe za haki na za kutosha kuendeshea nyumba inayosimamiwa vizuri na bila ubadhirifu. Kifungu kilikusudiwa kuyapa majimbo uhuru, kikageuka rungu la wenye nyumba. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Virginia, iliwaruhusu kuyashtaki majimbo kwa kulipa kidogo. Magavana wakalalamika hadi mwaka 1997 kifungu kikafutwa chini ya Rais Clinton, na mwaka 2015, katika kesi ya Armstrong, Mahakama hiyo hiyo ikaufunga karibu kabisa mlango wa madai ya aina hii. Tangu 1997, wanasema, jimbo linalipa linavyojisikia.

Sawa. Lakini turudi kwenye miaka hiyo ya Boren inayosimuliwa kama enzi ya neema. Katikati yake, mwaka 1986, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu nyumba za wazee iliyoeleza uzembe, wazee kufungwa kamba vitandani na kulishwa dawa za kuwatuliza ili wasisumbue. Sheria ya haki za wakazi ya mwaka 1987 ilitokana na aibu hiyo. Sheria ya kudai bei ya kutosha ilikuwapo, na mzee alifungwa kamba vile vile.

Msomaji wa Tanzania anaijua bei inayopangwa na serikali. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo ya petroli, na Kenya EPRA hufanya hivyo tarehe 14. Tunaweza kubishana usiku kucha kama bei ni kubwa au ndogo, lakini hatubishani lita ni nini. Wakala wa Vipimo hupima pampu na kuibandika stika. Sasa fikiria EWURA ingetangaza bei ya kuingia kituoni tu, mwenye kituo akamimina mafuta kadiri ya huruma yake. Ndivyo Medicaid inavyomnunulia mzee matunzo katika majimbo mengi: dola kadhaa kwa siku, na humo ndani ya siku mwenye nyumba atajua mwenyewe.

Atasimama mtu aliyesoma na kunisahihisha: bei hutofautishwa kulingana na hali ya mzee, anayehitaji msaada mwingi hulipiwa zaidi. Ni kweli, na hapo ndipo panapofurahisha, maana panaonyesha jinsi bei inavyotii maandishi kuliko mwili.

Hadi Septemba 2019 Medicare ililipa kwa dakika za mazoezi ya viungo. Daraja la juu kabisa la malipo lilianzia dakika 720 kwa wiki. Kukawa na ajabu moja nchi nzima: wazee kwa maelfu, wenye mifupa tofauti, magonjwa tofauti na umri tofauti, wote wakahitaji dakika 720 na ushei. Aliyechoka alisukumwa, aliyekuwa mahututi alisukumwa. Mwaka 2016 kampuni ya RehabCare ilikubali kulipa dola milioni 125 na Life Care Centers of America dola milioni 145 kumaliza madai ya serikali kwamba zilitoza Medicare kwa tiba isiyo ya lazima. Tarehe 1 Oktoba 2019 fomula ilibadilishwa. Dakika hazikulipiwa tena, ikawa inalipiwa hali ya mgonjwa. Ndani ya siku chache tu wataalamu wa mazoezi walianza kupewa barua za kuachishwa kazi, na dakika zikashuka. Wazee hawakuamka asubuhi hiyo wakiwa na viungo vipya. Kilichobadilika ni karatasi.

Upande wa Medicaid, karatasi hiyo hujazwa na CNA. Mchukue wa zamu ya asubuhi mwenye wazee 12, idadi ya kawaida kabisa. Saa nane ukitoa nusu saa ya chakula ni dakika 450, yaani dakika 37 na nusu kwa kila mzee, za kumwamsha, kumwosha, kumvisha, kumlisha mara mbili, kumpeleka chooni na kumgeuza asipate vidonda vya kulalia. Mmoja wao ni mzito, na maelekezo yake yanasema anyanyuliwe kwa mashine na watu wawili. CNA wetu anaita ukumbini: "Dada, njoo unishikie huyu." Jibu linatoka chumba cha tatu: "Ngoja kidogo, niko na mtu chooni." Kidogo hiyo haifiki. Anamnyanyua peke yake, roho mkononi. Saa nane na nusu mchana, kabla ya kutoka, anasimama mbele ya skrini iliyobandikwa ukutani na kubonyeza nani alikula mwenyewe, nani aligeuzwa, nani alinyanyuliwa na wangapi. Kwa yule mzito anabonyeza wawili. Akiandika mmoja, atakuwa amejichongea kwa kuvunja utaratibu, na nyumba itaonekana ina mzee mwepesi wa bei ndogo. Jimbo limelipia mikono minne, likapata rekodi ya mikono minne.

Sasa tuje kwenye hilo neno gharama, ambalo ndilo jiwe la pembeni la hoja yote. Tume ya Bunge inayofuatilia Medicaid ilikadiria mwaka 2023 kwamba, kwa takwimu za 2019, malipo ya msingi ya nyumba ya katikati yalikuwa asilimia 86 ya gharama zilizoripotiwa. Asilimia hiyo hurushwa katika kila mjadala kama nyundo. Mimi naomba tusimame kwenye neno zilizoripotiwa. Zimeripotiwa na nani? Na mwenye nyumba.

Tuseme ninamiliki nyumba ya wazee ya vitanda 100. Nafungua kampuni ya pili, nayo inamiliki jengo na kiwanja. Nafungua ya tatu ya usimamizi, na ya nne ya kutoa dawa au kufua shuka. Zote zangu, au za mke wangu, au za shemeji. Nyumba ya wazee inalipa pango kwa kampuni ya jengo, kwa bei niliyojipangia. Inalipa ada kwa kampuni ya usimamizi. Mwaka ukiisha, daftari la nyumba lina hasara, na hasara hiyo ndiyo ninayokwenda kuililia bungeni. Kila dola ya pango niliyojilipa imeandikwa gharama. Kanuni za Medicare zinataka biashara na ndugu iripotiwe kwa gharama halisi ya ndugu huyo, lakini kanuni isiyokaguliwa ipasavyo ni pambo.

Mwaka 2017 shirika la habari la Kaiser liligundua kwamba karibu robo tatu ya nyumba za wazee Marekani zinafanya biashara na kampuni za wamiliki wale wale. Wachumi wawili, Ashvin Gandhi na Andrew Olenski, walikwenda mbali zaidi. Walipata Illinois ripoti za kina zilizoonyesha fedha kabla na baada ya nyumba kuanza kulipa kampuni za ndugu, wakalinganisha. Makadirio yao ni kwamba mwaka 2019 asilimia 63 ya faida ya nyumba hizo ilikuwa imefichwa katika pango na ada zilizopandishwa. Rudia basi ile asilimia 86 ukiwa na namba hii mkononi, uone inavyolegea.

Pango nalo lina historia yake. Mwaka 2007 kampuni ya uwekezaji ya Carlyle ilinunua HCR ManorCare, moja ya minyororo mikubwa kabisa ya nyumba za wazee Marekani, kwa dola bilioni 6.3, nyingi zikiwa za mkopo. Mwaka 2011 majengo yake yakauzwa kwa dola bilioni 6.1. Wawekezaji wakarudishiwa fedha yao, na nyumba ambazo hadi jana zilikaa bure kwenye majengo yao zikawa wapangaji, zikidaiwa pango la mamia ya mamilioni kila mwaka. Machi 2018 ManorCare ikafilisika. Uingereza hali kadhalika: Southern Cross, yenye wazee wapatao 31,000, iliuza majengo, ikapanga, ikashindwa pango linalopanda kila mwaka, ikaanguka 2011. Kote kuwili lawama ya kwanza ilitupiwa serikali na bei yake. Hakuna bei ya siku ambayo ingeshiba shimo la namna hiyo, kwa sababu shimo lilichimbwa kwa kipimo cha bei: unapoiongeza, mwenye jengo anaongeza pango.

Anayedhani nazidisha chumvi aiangalie Indiana. Huko hospitali za kaunti zilivumbua kwamba zikichukua leseni za nyumba za wazee kwa jina tu, huku kampuni zile zile zikiendelea kuziendesha, serikali kuu hulipa nyongeza kubwa ambayo nyumba za binafsi hazipewi. Aliyeanza ni shirika la afya la kaunti ya Marion, Indianapolis, mwaka 2003. Baadaye zaidi ya asilimia 90 ya nyumba za jimbo zikawa chini ya hospitali. Fedha ziliingia kwelikweli. Mwaka 2020 gazeti la IndyStar liliandika kwamba zaidi ya dola bilioni 1 ya fedha hizo ilikuwa imeelekezwa kwenye mahitaji mengine ya hospitali, yakiwamo majengo, na kwamba Indiana ilikuwa karibu na mkia wa taifa kwa idadi ya wahudumu kwa kila mzee. Hapo hakuna wa kusema bei haikuongezwa. Iliongezwa, ikapita juu ya kitanda kama ndege ya abiria.

Na New York ikatoa kichekesho. Mwaka 2021 jimbo lilipitisha sheria kwamba angalau asilimia 70 ya mapato ya nyumba itumike kumhudumia mkazi, asilimia 40 iende kwa wafanyakazi wanaomgusa, na faida inayozidi asilimia 5 irudishwe. Zaidi ya nyumba 200 zilikwenda mahakamani kuipinga. Katika hati zao zililalamika kwamba kama sheria hiyo ingekuwapo mwaka 2019, zingelazimika kurudisha zaidi ya dola milioni 824. Soma tena polepole. Wale wale waliokuwa wakisema hawana hata cha kumlipa CNA walikwenda kwa hiari yao mbele ya jaji na kuorodhesha mamilioni ambayo hayakuwa yakienda kwa mzee.

Sasa niwape wapinzani wangu silaha yao nzuri zaidi, maana hawaitumii vya kutosha. Mchumi Martin Hackmann alichunguza nyumba za Pennsylvania na mwaka 2019 akachapisha matokeo kwamba bei ya Medicaid ikipanda kwa asilimia 10, wauguzi waliosomea huongezeka kwa karibu asilimia 9. Ni kazi makini na siwezi kuibeza. Lakini takwimu zake ni za miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, kabla mtindo wa kutenganisha jengo na nyumba haujaota mizizi. Halafu inasema kitu kimoja tu, kwamba sehemu ya fedha hufika. Sikatai kwamba hufika. Utafiti mwingine, wa 2010, uliangalia majimbo yaliyoongeza fedha kwa sharti kwamba ziende kwa mishahara ya wahudumu, ukakuta saa za CNA zimeongezeka kwa asilimia 3 hadi 4, na hayo majimbo mengi yalikuwa legelege katika kufuatilia. Fedha yenye sharti hafifu hufika kidogo. Isiyo na sharti hufika kwa bahati ya kumpata mwenye nyumba mwema. Wapo, hasa wa makanisa na mashirika yasiyo ya faida, na hao ndio wanaoumizwa zaidi na mjadala huu, maana kilio chao cha kweli hutumiwa na wengine kama ngao.

Silaha ya pili ni Montana. Mwaka 2022 nyumba 11 zilifungwa katika jimbo hilo, na wazee wakahamishwa mbali na watoto wao. Bei ilikuwa duni, bunge likaipandisha mwaka uliofuata, na lilifanya vema. Hata hivyo angalia kilichoziua nyumba za vijijini: vitanda vitupu na wauguzi wa mawakala wanaolipwa mara mbili. Malipo ya siku kwa kichwa hulipia kitanda chenye mtu. Nyumba ya vitanda 40 yenye wazee 22 bado inahitaji muuguzi wa usiku, mpishi na umeme wa nyumba nzima. Ukiongeza bei ya siku unawapa zaidi wale waliojaa mjini, na kijijini unapunguza tu kasi ya kuzama. Nyumba ya namna hiyo ilipaswa kulipiwa kuwapo kwake, kama zahanati inavyolipiwa. Hata pale bei ilipokuwa ndogo kweli, kosa la mwanzo lilikuwa kuchagua siku ya kitanda kuwa ndiyo kipimo.

Kipimo kingine kipo, na kinachokera ni kwamba kimekwisha kununuliwa. Tangu mwaka 2016 kila nyumba inayopokea Medicare au Medicaid hutakiwa kupeleka serikali kuu saa za kazi za kila mfanyakazi, siku kwa siku, kutoka kwenye mfumo wa mishahara. Saa za muuguzi, saa za CNA, nani alikuwapo Jumapili, nani aliondoka baada ya miezi miwili. Hiyo ndiyo stika ya pampu. Ipo kwenye kompyuta za serikali, inatumika kugawa nyota kwenye tovuti, na katika majimbo mengi haigusi bei hata kidogo.

Illinois iliigusa. Mwaka 2022, ilipoongeza kiasi cha dola milioni 700 kwa mwaka, ilifunga sehemu ya fedha hizo kwenye saa halisi za wafanyakazi, na ikaweka ruzuku kwa CNA kulingana na miaka ya uzoefu: dola 1.50 kwa saa baada ya mwaka mmoja, ikipanda hadi dola 6.50 kwa aliyefikisha miaka sita. Nyumba isiyompa mhudumu haipati. Kasoro zipo, hasa kwamba pango la ndugu limeachwa lilivyo. Lakini huko bei inasema inataka nini, na inasema kwa lugha ambayo CNA anaweza kuisoma kwenye hati yake ya mshahara. Minnesota nayo tangu 2016 hulipa gharama halisi za matunzo hadi kikomo kinachotegemea alama za ubora, na mwaka 2023 iliunda bodi ya kupanga viwango vya kazi katika nyumba za wazee. Mimi ningekwenda mbali kuliko wote hao: saa za mikono zilipiwe zilivyofanywa, kwa kiwango cha mshahara kilichoandikwa, jengo lilipiwe kivyake, kwa thamani inayokaguliwa na jimbo, awe mwenye jengo ni nani, na atakayekataa kufungua madaftari ya kampuni zake zote asipokee fedha ya umma.

Ushahidi kwamba wenye nyumba wanalijua hili vizuri kuliko sisi ulitolewa na wao wenyewe. Mei 2024 serikali ya Biden ilitoa kanuni: kila mkazi apate angalau saa 3.48 za huduma kwa siku, zikiwamo 2.45 za CNA, na muuguzi aliyesajiliwa awepo saa 24. Haikuwa anasa. Utafiti wa serikali yenyewe wa 2001 ulikuwa umetaja saa 4.1. Piga hesabu kwa nyumba ya wazee 100: saa 245 za CNA ni zamu 31 hivi kwa siku, tuseme 13 asubuhi, 11 jioni, 7 usiku. Asubuhi kila CNA angebaki na wazee wanane badala ya 12. Chama cha wenye nyumba kilikimbilia mahakama ya Texas, na Aprili 2025 jaji akaitengua. Julai mwaka huo Bunge likaahirisha utekelezaji hadi 2034. Hoja ilikuwa ile ile, kwamba hakuna fedha. Wangeweza kusema: tunakubali saa, tulipeni kwa saa. Hawakusema. Walipoambiwa saa wakajibu bei, na wanapozungumza bei hawataki kusikia saa.

Nasi tusidhani tumeepuka. Machi 2024 hospitali binafsi za Tanzania zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya kitita kipya cha bei, na mabishano yote, redioni na bungeni, yalikuwa ya kiasi. Nani aliuliza dakika ngapi za daktari zimo ndani ya ada ya kumwona? Kwa kuwa bima ya afya kwa wote imekwisha kuwa sheria, maswali ya Minnesota yatabisha hodi Dodoma muda si mrefu.

Limebaki tishio la mwisho, lile linalowanyamazisha wabunge: mkitubana tutafunga. Vijijini nimekwisha kulikubali na kusema dawa yake. Kwa minyororo mikubwa, tazama ManorCare. Ilipofilisika Machi 2018 wazee hawakutolewa nje na magodoro yao. Kufikia Julai nyumba zilikuwa mikononi mwa ProMedica, shirika lisilo la faida, na kampuni ya majengo ya Welltower. Wahudumu wengi waliingia zamu kwenye milango ile ile. Sheria za majimbo zinaruhusu hata mahakama kumteua msimamizi wa muda. Anayetishia kufunga, kwa kawaida, anatishia kuondoa jina lake kwenye leseni na kubaki na jengo lake. Jimbo lenye ujasiri lingemjibu kwamba leseni inapokelewa dirisha la pili, na lingeomba katika safari hiyo aje na mikataba ya pango.